Pedi za Pua za Miwani: Zipi Ununue, Kuanzia Bora Hadi za Kuepuka

Wanunuzi wengi wa pedi za pua, vile vipande vidogo vya miwani vinavyokaa puani, huanza na swali la malighafi: silikoni au titani, laini au ngumu? Kisha pakiti inafika, pedi zenyewe ni nzuri, lakini haziingii kwenye fremu. Malighafi ni swali la tatu. La kwanza ni namna pedi inavyoshikwa na fremu, la pili ni ukubwa. Ukikosea hayo mawili, hata pedi bora kuliko zote haitakufaa kitu.

Basi kabla ya kununua, geuza miwani uitazame kwa nyuma penye mwanga wa kutosha. Karibu na daraja la fremu, yaani pale inapovuka pua, kila upande una waya mwembamba uliopinda. Tuuite kikono. Mwisho wa kikono kuna kijumba kidogo cha chuma, na ndani ya kijumba hicho kimezama kishikio kilicho nyuma ya pedi. Ukiona kichwa cha skrubu ubavuni mwa kijumba, fremu yako inatumia pedi za skrubu, na hizo ndizo rahisi kupata. Usipoona skrubu yoyote, kishikio kimebanwa tu ndani ya kijumba, na unahitaji pedi za kuchomeka. Aina hizi mbili hazibadilishani: kishikio cha skrubu kina tundu linalopitisha skrubu kutoka upande hadi upande, cha kuchomeka hakina. Zipo pia za kutelezesha, ambazo huingia kwenye mfereji mdogo, na nyingine zimetengenezwa kwa ajili ya fremu za kampuni moja tu. Ukikuta kijumba cha umbo usilolielewa, usibahatishe. Nenda na fremu yenyewe kwa fundi wa miwani alinganishe.

Ukubwa hupimwa kwa urefu wa pedi, ncha ya juu hadi ya chini, kwa milimita. Zinazouzwa huanzia kama mm 9 hadi mm 17, na fremu nyingi za watu wazima hutumia mm 13 au mm 15. Weka rula kando ya pedi ya zamani usome. Pedi ndefu husambaza uzito kwenye eneo kubwa la pua, kwa hiyo anayepata mashimo mekundu puani anaweza kupanda hatua moja, kwa mfano kutoka 13 hadi 15. Asipande mbili. Pedi kubwa kupita kiasi hugusa lenzi au hujongea kwenye kona ya jicho.

Umbo nalo lina maana. Pedi za yai na za duara hazina kulia wala kushoto. Za umbo la tone huwa na ncha nyembamba inayokaa juu, na nyingi kati yake zina kulia na kushoto. Piga picha ya fremu kabla hujafungua chochote, picha hiyo itakuokoa baadaye.

Mpangilio wetu

*1. Silikoni ya kawaida.* Kwa mtu asiye na tatizo maalumu, tafuta hizi na usiangalie kwingine. Silikoni ni laini, hushika ngozi hata pua ikitoa jasho, na ndani yake kuna kiini cha plastiki ngumu kinachobeba kishikio. Hapo kwenye kiini ndipo ubora unapojulikana. Ukiibinya pedi nzuri kwa kidole gumba, silikoni inabonyea lakini kishikio hakichezi. Pedi mbovu huachana: ganda la silikoni linazunguka peke yake juu ya kiini, na siku moja utajikuta na ganda mkononi, kiini kimebaki kwenye fremu. Silikoni hugeuka njano kwa mafuta ya ngozi, jasho na vipodozi. Ikishafika hapo haisafishiki tena, kwa hiyo hesabu kuzibadilisha kila baada ya miezi sita hadi mwaka. Nunua jozi tano za ukubwa mmoja unaoujua. Yale maboksi yenye aina nyingi zilizochanganywa tunayaona ni hasara, maana utatumia jozi moja au mbili na zilizobaki hazitakuingilia kamwe.

*2. Silikoni yenye hewa.* Hii ina uwazi ndani kama mto mdogo. Inawafaa wenye lenzi nene na nzito, au wanaovaa miwani kutwa nzima. Kasoro yake ni unene. Inaisogeza fremu mbali kidogo na uso na kuinyanyua, na kwa mwenye lenzi za kuonea mbali na karibu kwa pamoja, milimita moja au mbili tu zinatosha kuhamisha sehemu ya kusomea kutoka mahali pake. Mtu huyo akianza kuinamisha kidevu ili aone mbali, tatizo liko kwenye pedi mpya. Macho hayajabadilika. Pedi hii hutoboka pia, na ikishatoboka hunywea upande mmoja na miwani kukaa mshazari.

*3. Titani.* Haiozi, hainyonyi mafuta, haigeuki rangi, na ni kimbilio la mtu ambaye ngozi yake hukataa silikoni au plastiki. Lakini ni ngumu na huteleza. Mwenye pua yenye mafuta ataipandisha miwani kila dakika chache. Tungeiweka juu zaidi kwa mwenye mzio, na chini kabisa kwa mwenye lenzi nzito. Jambo moja la kuzingatia: wakati mwingine kinachowasha ngozi si pedi. Ni kikono chenye nikeli kinachogusa pua kwa sababu pedi imekaa vibaya. Angalia mahali upele ulipo kabla ya kulaumu pedi.

*4. Plastiki ngumu*, ikiwemo asetati na polikaboneti. Hudumu sana, huoshwa kirahisi, na huwafaa wanaovua na kuvaa miwani mara nyingi kwa siku, kwa kuwa haing'ang'anii ngozi. Kwa wengine itateleza.

*5. Plastiki laini ya vinili.* Ikiwa mpya inafanana na silikoni na muuzaji asiye makini ataziuza kwa jina moja. Tofauti hujitokeza baada ya muda: vinili hukakamaa, hung'aa kama imepakwa nta, kisha hupasuka pembeni. Kama pakiti haisemi wazi kuwa ni silikoni, chukulia kuwa ni hii.

Kando ya orodha hiyo kuna *daraja la silikoni*, kipande kimoja kinachounganisha pedi mbili na kuvuka juu ya pua. Uzito unaenea kwenye upana wote badala ya nukta mbili. Kwa wazee ambao ngozi ya pua imekuwa nyembamba na inachubuka, hii ni bora kuliko zote tulizotaja, mradi vijumba vya fremu viipokee.

Wenye fremu za plastiki zisizo na vikono watumie *pedi za kubandika*. Chagua za silikoni, achana na za sponji. Sponji hunyonya jasho na huanza kunuka au kuchanika mapema. Zinapatikana kwa unene kuanzia takribani mm 1, na anza na nyembamba kwa sababu zilizo nene huinyanyua fremu kuliko watu wanavyotarajia. Safisha mahali pa kubandika kwa spiriti, acha pakauke kabisa, bandika, bonyeza kwa nusu dakika, kisha usivae hadi siku ya pili. Zinazong'oka siku ya kwanza karibu zote zilibandikwa juu ya mafuta. Asetoni usiitumie hata kidogo: huyeyusha fremu ya asetati.

Kubadilisha za skrubu

Tandaza taulo jeupe mezani. Skrubu hizi ni ndogo kuliko punje ya mchele, unene wake ni kama milimita moja, na zikianguka sakafuni ndio mwisho wake. Taulo huzizuia zisidunde. Unahitaji bisibisi inayojaa sawasawa kwenye mfuo wa skrubu, bapa ya upana wa kati ya mm 1.2 na 1.5 au ya nyota ndogo, pamoja na kibano. Ncha ya kisu haifai, italimaliza kichwa cha skrubu na baada ya hapo hata fundi atapata taabu.

Shika fremu kwenye daraja, karibu na kikono unachofanyia kazi. Usishike lenzi, hasa kwa miwani isiyo na fremu pembeni ambayo lenzi zake zimetobolewa, kwani msokoto mdogo unaweza kuzipasua kwenye tundu. Fungua kinyume cha saa. Skrubu ikigoma, usiongeze nguvu. Mara nyingi imeshikwa na kutu ya kijani, ile inayotokea jasho likikutana na shaba iliyomo kwenye metali ya fremu. Loweka sehemu hiyo kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki laini, subiri dakika kumi, jaribu tena.

Pedi ya zamani ikitoka, safisha ndani ya kijumba kwa kijiti cha meno. Hatua hii wengi huiruka, kisha wanashangaa kwa nini pedi mpya haizami. Ingiza kishikio, tazama kupitia tundu hadi uone mwanga upande wa pili, ndipo uingize skrubu kwa kibano. Kaza kwa saa hadi ikatae, kisha acha. Pedi iliyofungwa vizuri hucheza kidogo, na inatakiwa icheze, kwa sababu ndivyo inavyojilaza yenyewe kwenye mteremko wa pua. Ukikaza hadi itulie tuli, unabana kijumba na kukipasua kishikio. Skrubu inayojifungua mara kwa mara itulizwe kwa tone dogo la rangi ya kucha isiyo na rangi juu ya kichwa chake. Gundi ya papo hapo weka mbali: mvuke wake huacha ukungu mweupe kwenye lenzi, na pedi iliyogandishwa nayo haitoki tena salama.

Za kuchomeka ni nyepesi zaidi. Ingiza ncha ya bisibisi bapa kati ya pedi na kijumba, izungushe polepole hadi pedi itoke. Mpya inasukumwa kwa kidole gumba huku kidole kingine kimetegemeza kikono kwa nyuma, hadi usikie "tak". Usipousikia mlio huo, bado haijaingia.

Badilisha zote mbili hata kama iliyoharibika ni moja. Pedi mpya na kuukuu hazilingani unene, na miwani itainama.

Kabla ya kulaumu pedi

Miwani inayoteleza si lazima iwe na pedi mbovu. Iweke mezani ikiwa imepinduliwa juu chini. Ikiyumba, fremu imepinda. Kisha ivae, angalia mikono inapokunja nyuma ya masikio. Ikiwa imelegea huko, pedi yoyote utakayonunua itateleza vilevile.

Kama mikono iko sawa, rekebisha vikono. Kuzisogeza pedi karibu karibu huinyanyua miwani, kuzitanua huishusha. Kope zikigusa lenzi, zisukume pedi nyuma kuelekea usoni ili fremu isogee mbele. Lenzi zikiwa mbali mno, zirudishe pedi kuelekea lenzi. Fremu ikiegemea kulia, sogeza pedi zote mbili kuelekea kulia, nayo fremu itarudi kati. Hili la mwisho huwachanganya wengi, lakini kumbuka pua haihami, kinachohama ni fremu.

Vua miwani baada ya saa moja utazame alama puani. Alama ya umbo zima la pedi, hafifu na iliyosambaa, ni dalili njema. Mstari mkali upande wa juu maana yake ncha za juu zimekaribiana mno. Mstari upande wa chini, ncha za chini ndizo zinazochoma. Pinda kwa koleo lenye mdomo mwembamba lililofungwa kitambaa, nusu milimita kwa mara moja, vaa, tazama tena. Usikipinde na kukipindua kikono mara nyingi mahali pamoja: metali huchoka, na hukatika pale pale kilipochomelewa kwenye fremu. Kikiwa kimeanza kuonyesha ufa hapo, au kichwa cha skrubu kimeliwa, mpelekee fundi wa miwani kabla hakijakatika. Kuchomelea upya kunahitaji moto, na moto huunguza rangi ya fremu.