Virutubishi vya Kunyunyizia Kwenye Chakula cha Mtoto: Bidhaa Nzuri, Maelekezo Mabovu

Bidhaa ninayoitathmini hapa ni unga wa virutubishi unaofungwa katika pakiti ndogo za gramu moja moja, ambao mzazi huuchanganya na chakula cha mtoto wa miezi 6 hadi 23 ili kumkinga na upungufu wa damu. Ulianza kubuniwa Toronto, Kanada, katika miaka ya 1990, pale daktari wa watoto Stanley Zlotkin na wenzake walipotafuta mbadala wa matone na sharubati za madini chuma, ambazo wazazi wengi huziacha njiani kwa kuwa ladha yake ni kali, huacha madoa kwenye meno na ni lazima zipimwe kwa uangalifu kila siku. Leo kuna watengenezaji wengi, na kwa kuwa michanganyiko yao inakaribiana sana, nitazungumzia bidhaa yenyewe bila kujali jina lililoandikwa juu ya boksi.

Mchanganyiko ulioenea zaidi una vitamini na madini ya aina 15. Kinachobeba kazi ni miligramu 10 za madini chuma. Vingine, kama vile miligramu 30 za vitamini C, asidi ya foliki, zinki na vitamini A, ama husaidia chuma hicho kufyonzwa na kutumika mwilini, ama huziba mapengo mengine ya lishe. Kiasi hicho cha chuma hakikuchaguliwa kiholela. Viwango vya lishe vya Marekani vinampangia mtoto wa miezi 7 hadi 12 miligramu 11 kwa siku, ilhali mwanamume mzima amepangiwa miligramu 8 tu. Mtoto anakua kwa kasi, damu yake inaongezeka, akiba aliyozaliwa nayo inakaribia kwisha anapotimiza miezi sita, na maziwa ya mama, pamoja na ubora wake wote, yana madini chuma kidogo sana.

Hapo ndipo pakiti hizi zinapoushinda uji wa nafaka wa madukani ulioongezwa madini chuma, ambao ndio mshindani wake wa karibu. Lebo ya uji huo kwa kawaida hutaja kiasi cha chuma katika gramu 100 za unga mkavu, na mzazi akiona tarakimu nzuri huridhika. Lakini mtoto hali gramu 100. Ikiwa lebo inasema miligramu 8 na mtoto amekula gramu 25, amepata miligramu 2, na siku anayokataa kula anapata pungufu ya hapo. Aidha, aina ya chuma ina uzito wake: watengenezaji wengine huchagua aina ambazo hazibadilishi rangi wala ladha ya unga, na mara nyingi hizo ndizo zinazofyonzwa kwa shida. Unga wa familia nzima uliorutubishwa nao una manufaa makubwa kwa watu wazima, lakini tumbo la mtoto wa miezi minane ni dogo mno kuweza kufaidika nao vya kutosha. Pakiti, kinyume chake, humpa mtoto dozi ileile hata akila vijiko vitatu tu, mradi tu unga umechanganywa na hicho kiasi ambacho atakimaliza, na chakula chenyewe kinabaki kuwa kile ambacho familia imekipika.

Tatizo langu na bidhaa hii liko katika maelekezo. Boksi nililotumia lilikuwa na maandishi madogo sana upande wa nyuma, na pakiti zenyewe hazikuwa na neno lolote la matumizi, ingawa ni kawaida mtu kutupa boksi na kubaki na pakiti kwenye kikopo. Kosa hilo si dogo. Chembe za chuma zimepakwa utando mwembamba wa mafuta ili zisigusane na chakula na kukiharibu ladha, na utando huo huyeyuka kwa joto. Anayemimina unga kwenye sufuria iliyoko jikoni, au kwenye uji unaotoka mvuke, ataona chakula kikibadilika rangi na mtoto akitema, kisha atahitimisha kuwa bidhaa ni mbaya. Inatakiwa chakula kipoe mpaka kiwe tayari kuliwa, sehemu ndogo itengwe, unga uchanganywe humo, na mtoto aimalize ndani ya nusu saa hivi. Kutumia pakiti moja kwa watoto wawili hakufai, wala kuimimina kwenye kinywaji, kwa sababu chembe huelea au hubaki kwenye kuta za kikombe.

Maelekezo hayo pia yalikaa kimya kuhusu choo cheusi, ambacho hutokana na chuma kisichofyonzwa na hakina madhara, pamoja na kuharisha kidogo ambako huwapata baadhi ya watoto siku za mwanzo. Nashuku kwamba sentensi mbili tu zilizochapwa kwa herufi kubwa zingewazuia wazazi wengi kuiacha bidhaa hii.

Je, inafanya kazi? Tathmini ya mwaka 2020 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, iliyokusanya majaribio yaliyofanywa kwa watoto wa chini ya miaka miwili, ilionesha kuwa unga huu hupunguza upungufu wa madini chuma kwa asilimia 53, lakini upungufu wa damu wenyewe kwa asilimia 18. Tofauti hiyo inasema mengi kuliko matangazo. Bidhaa inatimiza kile hasa ilichoundiwa, yaani kumpa mtoto chuma. Lakini damu hupungua pia kwa sababu ya malaria, minyoo, maambukizi ya mara kwa mara na magonjwa ya kurithi kama selimundu, na hakuna pakiti inayoweza kuyatibu hayo. Tathmini hiyohiyo haikuona ushahidi kwamba watoto hukua zaidi kwa urefu au uzito, kwa hiyo zile picha za watoto wanene zilizo kwenye baadhi ya maboksi ni pambo tu.

Kuhusu ratiba, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unalenga pakiti 90 katika kipindi cha miezi sita, mahali ambapo angalau mtoto mmoja kati ya watano ana upungufu wa damu. Kwa wazazi wenye shughuli nyingi huo ni unafuu, maana siku moja iliyosahaulika haiharibu kitu, na hakuna haja ya kuifidia kwa kutia pakiti mbili.

Kwa jumla ningeipa bidhaa hii alama za juu kwa ubunifu na za chini kwa maandishi yake, na ningeichagua mbele ya uji wa boksi kwa mtoto anayekula kidogo. Kwenye maeneo ya malaria itumike sambamba na chandarua na matibabu ya mapema, kwa sababu kumpa mtoto madini chuma bila kinga hiyo kunaweza kumwongezea hatari. Mtoto mwenye selimundu, anayetibiwa utapiamlo mkali kwa chakula dawa (chakula maalumu cha tiba), au aliyekwisha kuandikiwa sharubati ya chuma asianzishiwe pakiti hizi kabla ya kuonwa na daktari, na boksi likae juu mahali asipofikia, kwani madini chuma yakimezwa kwa wingi kwa mara moja ni sumu kwa mtoto mdogo.