Fimbo ya kufyatulia jigi chini ya magati: nilitaka kuisifia, duka limenikatili

Nilikuwa nimejiandaa kuisifia fimbo hii. Zile wiki za mwanzo ningetoa nyota tano bila kusita, na hata sasa nikikumbuka ilivyokuwa inafyatua, moyo unanituma nitoe nne. Lakini yule mhudumu wa dukani! Ngoja nianze na uvuvi wenyewe, maana asiyejua kazi ya fimbo hii hataelewa kwa nini nimekasirika hivi.

Naishi Georgia, na ziwa letu ni Lanier, kaskazini mwa Atlanta, lile lililotokana na bwawa la Buford kwenye mto Chattahoochee. Kingo zake zimejaa magati ya watu binafsi, mengi ya kuelea kwa sababu maji hupanda na kushuka, na krapi hujificha chini ya magati hayo. Samaki huyu anapenda kivuli. Anakaa kule ndani kabisa, nyuma ya maboya na mashua zilizofungwa, mahali ambapo ukirusha ndoano kwa kawaida unagonga mbao tu. Wenye magati wengine huzamisha hata miti ya Krismasi pale chini ili samaki wapate makazi. Kwa hiyo kumfuata kule ni kwa kufyatua.

Waliokulia Mwanza kama mimi watanielewa nikisema ni manati. Jigi ni kindoano chenye kichwa cha risasi, kimevikwa kisamaki cha plastiki laini. Unakishika kichwani kwa vidole viwili, ncha ikitazama nje isije ikakuchoma. Mkono wa pili umeshika fimbo na kubana mshipi kwa kidole cha shahada. Unainama mpaka fimbo inakaribia uso wa maji, unavuta ncha inapinda, unaachia. Kitu cha gramu moja au mbili hicho kinadunda juu ya maji, ta-ta-ta-ta, kinapenya kwenye uwazi wa shubiri moja na kupotelea gizani. Hapo sasa tulia. Macho yasitoke kwenye mshipi. Krapi hula kilicho juu yake, hivyo jigi ikizama mno imeshampita. Mshipi ukishtuka, au ukilegea kabla ya wakati wake, nyanyua mkono taratibu. Narudia, taratibu, kwa sababu mdomo wake ni ngozi nyembamba. Ukikwanyua kwa nguvu unachanika, naye anaenda zake.

Kwa kazi hiyo fimbo hii ilikuwa moto. Inapinda huku mbele tu, nyuma imekaza, na unapoachia jigi inakwenda pale pale ulipopatazama. Kuna mzee mmoja ninayevua naye, tunamwita Papa, mtu wa Uvira huko Kongo anayekaa Clarkston, mwenye mashua. Aliijaribu akaniambia, "Ndugu, hii fimbo iko muzuri sana." Papa si mtu wa kusifia ovyo, amekulia kwenye mitumbwi ya Tanganyika.

Ikavunjika mwishoni mwa baridi, asubuhi, krapi wakiwa wanakula vizuri. Georgia inaruhusu 30 kwa mtu mmoja kwa siku, na mafuta ya kukaangia yalikuwa yanatusubiri nyumbani. Nilivuta kama ninavyovuta siku zote nikasikia "tak!", ncha ikakatika chini ya pete ya pili kutoka juu, zile pete za kupitishia mshipi. Haikuwa imegonga gati. Haikuwahi kubanwa na mlango wa gari. Hata samaki hakuwepo. Papa akanipa ya kwake, "Kamata, tuendelee," tukaendelea, lakini raha ilishaisha.

Nyumbani nikakiweka kile kipande chini ya taa. Pale nyuzi zinapofunga pete, chini ya gundi ile inayong'aa, palikuwa na ufa unaozunguka fimbo, na gundi imeingia ndani ya ufa ikakaukia humo. Fikirini wenyewe: gundi hupakwa kiwandani. Ikiwa imeingia kwenye ufa, basi ufa ulikuwepo kabla ya gundi. Fimbo iliniletea kasoro yake kutoka huko huko.

Nikaenda dukani na risiti. Nikamkuta yule yule aliyeniuzia. Siku ya kununua nilimwambia kwa kinywa changu kwamba nataka fimbo ya kufyatulia chini ya magati, naye akaichomoa ukutani mwenyewe na kunikabidhi. Kadi iliyoning'inia kwenye mpini ina picha ya mtu akifyatua, fimbo imepinda kuliko nilivyowahi kuipinda mimi. Jamaa akaichukua, hata pale ilipokatika hakupatazama, akasema nimeipinda mno, haikutengenezwa ipindwe namna hiyo. Nikamwonesha kadi. Akasema hiyo ni picha ya tangazo. Nikamwomba aitazame gundi tu, sekunde moja. Badala ya kutazama akaanza kuniongelesha neno moja moja, kwa sauti kubwa, namna watu wanavyofanya wakisikia lafudhi yako wakadhani huelewi. Halafu, mbele ya foleni nzima, akaniuliza, "Huko kwenu mnavua kwa fimbo za aina gani?"

Huko kwetu! Nimetoka kwenye ziwa linalolisha watu wa nchi tatu. Nimeona wazee wakimtoa sangara majini kwa mshipi wa mkononi, bila fimbo wala rili, na viganja vyao havina ngozi. Swali lile linaniamsha usiku mpaka leo. Kukataa kubadilisha fimbo ningekumeza, maduka hukataa kila siku. Lile swali halimezeki.

Na hata kwenye kukataa huko hawana haki. Sheria ya biashara ya Georgia, kifungu 11-2-315, inasema muuzaji akijua mnunuzi anataka bidhaa kwa kazi gani, na mnunuzi akategemea ujuzi wake katika kuchagua, basi kuna dhamana kwamba bidhaa inaifaa kazi hiyo, isipokuwa kama muuzaji ameiondoa dhamana hiyo. Risiti yangu nimeisoma mbele na nyuma, haina mstari unaoiondoa. Nilimweleza meneja hivyo hivyo, kwa upole. Akanijibu niitume mwenyewe kiwandani, kwa gharama yangu. Kuhusu maneno ya mfanyakazi wake hakusema lolote, hata pole.

Nilisema juu kwamba moyo unataka kutoa nne. Naifuta. Nimekitoa tena kile kipande sasa hivi nikiwa naandika, na kiwanda kinachofunika ufa kwa gundi kikapachika pete juu yake hakistahili nne. Moja. Ila siwezi kudanganya pia: kwa kufyatua sijashika fimbo nyingine inayoifikia, ile ya Papa ikiwemo, naye mwenyewe anakubali. Kwa hiyo mbili, kwa fimbo. Ukiiona mahali pengine na unaitaka, kabla hujalipa pitisha ukucha kwenye gundi ya kila pete, halafu ielekeze kwenye mwanga huku unaizungusha. Ukiona mstari wowote unaozunguka, irudishe ukutani.

Kipande nimekituma kiwandani, nauli nimelipa mimi. Wakinibadilishia nitakuja kuzipandisha nyota za fimbo. Za duka zinabaki moja, wabadilishe wasibadilishe, mpaka yule mtu aniombe radhi mbele ya watu, kama alivyoniuliza mbele ya watu.