BIND 9 kwa majina ya lakabu kwenye mtandao wa maghala, Mtwara na Masasi: uzoefu wangu

Nimeitumia BIND 9, programu ya seva ya DNS inayogeuza majina kuwa anwani za mashine, misimu mitatu ya korosho kwenye mtandao wa ndani: seva kuu ipo Mtwara mjini, ya pili ipo ghala la Masasi. Ni bure, na kompyuta ya zamani yenye Linux inaimudu. Hapa nazungumzia kazi moja tu, yaani rekodi za CNAME, zinazofanya jina moja liwe lakabu ya jina lingine.

Utaratibu unaolipa ni kutenganisha majina ya mashine na majina ya kazi. Mashine zetu zina majina ya miti: mkorosho, mbuyu, mkwaju. Kazi zina majina yake: mizani, stoo, risiti. Mashine hupewa rekodi ya A yenye anwani, kazi hupewa lakabu tu:

mkorosho 3600 IN A 192.168.10.5
mizani 300 IN CNAME mkorosho.ghala.internal.

Mkorosho ikiharibika katikati ya Novemba, foleni ya magunia ikiwa nje, nabadilisha mstari mmoja uelekee mbuyu. Karani wa mizani haguswi, wala hakuna kompyuta ya kuzungukia. Hiyo 300 ni sekunde ambazo jibu hukaa kwenye kashe (kumbukumbu ya muda ya anayeuliza). Kama lakabu yako ilikuwa na 3600, ishushe kwanza, subiri saa nzima ndipo uhamishe. Ukifanya yote kwa mkupuo, wapo watakaoendelea kwenda kwenye mashine iliyokufa mpaka saa iishe.

Sasa nukta inayofunga jina, kama ile iliyo baada ya internal kwenye mstari wa CNAME hapo juu. Ukiandika mkorosho.ghala.internal bila nukta, BIND huongeza jina la zoni (kundi la majina linalotunzwa kwenye faili moja, hapa ghala.internal), lakabu ikaelekea mkorosho.ghala.internal.ghala.internal, ambako hakuna kitu. Kibaya zaidi, named-checkzone, chombo cha BIND cha kukagua faili la zoni, haitalalamika, kwa sababu haichunguzi kama jina linaloelekezewa na CNAME lipo. Hapa naipunguzia BIND alama. Kila baada ya kubadilisha, uliza seva kwa amri ya dig mizani.ghala.internal: ukiona mstari wa CNAME upo lakini hali ni NXDOMAIN (jina halipo), lakabu inaning'inia. Hali ni hiyohiyo ukiondoa mashine ukasahau lakabu zake. Kwenye majina ya nje, yanayoonekana intaneti nzima, kusahau huko ni hatari kweli: lakabu ikielekea huduma ya kukodi uliyoiacha, mtu mwingine anaweza kulichukua jina hilo huko na kuwapokea wateja wako.

Upande mwingine BIND ni mkali, na ukali huo naupenda. Jina lenye CNAME haliruhusiwi kuwa na rekodi nyingine kando yake, isipokuwa zile za DNSSEC, yaani za kuthibitisha majibu kwa saini. Ukiweka A au TXT (ya maandishi) kwenye mizani utapata ujumbe "CNAME and other data" na zoni nzima haitapakiwa. Kwa sababu hiyohiyo huwezi kuweka lakabu kwenye ghala.internal yenyewe, maana pale tayari pana SOA (rekodi ya taarifa za zoni) na NS (inayotaja seva za zoni). Weka A ya kawaida. Rekodi ya NS nayo ielekee jina halisi, la sivyo zoni inakataliwa. Ya MX, inayotaja seva ya barua pepe, ikielekea lakabu, kwa mpangilio wa kawaida unapata onyo tu, lakini usilipuuze.

Kuna mtego unaotupata sisi ambao umeme hukatika. Ukikosea faili kisha ukapiga rndc reload, amri ya kupakia zoni upya, BIND inakataa faili jipya na kuendelea kujibu kwa nakala iliyo kwenye kumbukumbu. Kila kitu kinaonekana kizima. Siku umeme ukikatika na seva ikawaka upya, nakala ile haipo tena na zoni haipakiwi. Asubuhi kila jina linarudisha SERVFAIL (seva imeshindwa kujibu), na kosa lina wiki mbili. Kwa hiyo named-checkzone ghala.internal ikifuatiwa na jina la faili ni lazima kabla ya kila reload, hata ukiwa umegusa herufi moja.

Kwa tawi la Masasi, ongeza namba ya toleo iliyo kwenye SOA kila unapohariri (natumia mwaka, mwezi, tarehe na tarakimu mbili, mfano 2025101501). Ukiisahau, seva ya pili haitachukua mabadiliko, na mizani itakuwa na majibu mawili tofauti kwa siku nzima. Muda ambao seva ya pili inaweza kutumia nakala yake bila kuifikia seva kuu nimeuweka sekunde 1209600, yaani siku 14, kwa sababu mvua zikikata laini, Masasi wanaendelea kufanya kazi bila kuifikia Mtwara. Sehemu ya mwisho ya SOA iwe 300: mtu akiuliza jina kabla hujaliongeza, jibu la "halipo" nalo hukaa kwenye kashe kwa muda huo.

Lakabu si uelekezaji wa tovuti. Kivinjari kinaendelea kutumia jina alilochapa mtu, kwa hiyo cheti cha TLS (cha usalama wa tovuti) kiwe na jina mizani.ghala.internal, na nginx, seva ya tovuti, iwe nalo kwenye server_name. Watu hutengeneza cheti kwa jina la mashine, kisha wanailaumu DNS kwa onyo jekundu. Folda za pamoja za Windows nazo zinaweza kuikataa lakabu mpaka uisajili kwenye seva yenyewe kwa netdom computername ukitumia /add.

Kuhamisha tawi zima la majina, yaani yote yaliyo chini ya jina moja, kuna rekodi ya DNAME. Inafanya kazi vizuri, ila hushika majina yaliyo chini yake tu. Jina la tawi lenyewe huliwekea rekodi zake.

Kwa ofisi moja yenye kompyuta tano, BIND ni mzigo mkubwa kuliko kazi. Dnsmasq, programu nyepesi ya DNS, inatosha, mradi ukumbuke kwamba cname yake inaelekea majina inayoyajua yenyewe tu, kwa mfano kutoka /etc/hosts, DHCP au cname nyingine. Ukiielekeza kwenye jina la nje, hupati jibu.