Kuajiri mtu wa kusafisha nyumba: "fanya usafi tu" ilivyoniponza

Nimepitia watu wa usafi watatu mpaka sasa, na huyu wa tatu ndo nimetulia naye, mwaka umeshapita na bado anakuja. Watu wananiuliza sana inakuwaje, anafanya nini na nini, namlipaje, namwachia funguo au nakaa naye, nikaona niandike mara moja iishe. Niseme mapema tu kwamba zaidi ya nusu ya yaliyonikuta nilijitakia mwenyewe, hasa kwa wale wa kwanza, maana maelekezo yangu yote yalikuwa "fanyeni usafi tu", na hiyo "tu" ndo iliniponza.

Wale wa kwanza walikuwa wa kampuni. Niliwaagiza kwa simu usiku nikiwa nimechoka, kuna sehemu unachagua usafi wa kawaida au usafi wa kina, mi nikachagua wa kawaida kwa sababu ulikuwa na bei ya chini na kichwani mwangu nyumba yangu ni ya kawaida. Wakaja wawili, wakapiga kazi masaa matatu bila kukaa, wakaaga. Sakafu inang'aa, choo safi, vitanda vimetandikwa vizuri kuliko mimi navyotandika. Nikafungua oveni. Mafuta ya mwaka mzima yako palepale yananiangalia. Ndani ya friji hivyo hivyo. Madirisha yamefutwa upande wa ndani peke yake, na juu ya makabati ya jikoni vumbi limegandana na mafuta mpaka unaweza kuandika jina lako kwa kidole. Nikapiga simu nimevimba, dada aliyepokea hata hakupandisha sauti, akanisomea kitu kimoja kimoja kilichomo kwenye usafi wa kawaida, orodha ambayo walinitumia na mimi nikabonyeza "nakubali" bila kusoma. Niliishia kusema haya asante dada.

Sasa mjue, usafi wa kawaida kwa wengi wao maana yake ni vile vitu vinavyochafuka kila wiki: kufagia na kupiga deki, kufuta vumbi panapofikika, kusugua choo na sinki na bafu, kufuta jiko kwa nje, kutoa taka. Ndani ya oveni, ndani ya friji, ndani ya makabati, madirisha kwa nje, kuta, feni ya juu, nyuma ya vitu vizito, hivyo vinaingia kwenye usafi wa kina au unavilipia pembeni. Kufua, kupiga pasi na kuosha vyombo ni kazi nyingine kabisa, usidhani vimo kwa sababu tu mtu yuko nyumbani kwako na ana ndoo mkononi. Na mara ya kwanza kama nyumba haijasafishwa kwa kina muda mrefu, ndo uanze na hicho cha kina, alafu cha kawaida kifuate. Mimi nilianza kinyume. Ni kama kupiga pasi nguo ambayo hujaifua.

Kitu kingine nilichogundua siku ile, hawa wawili walitumia muda mwingi kuokota. Midoli ya mtoto, nguo juu ya kiti, chaja, karatasi za kazini kwangu zimetapakaa mezani na hawajui waziweke wapi. Kupanga na kusafisha ni vitu viwili tofauti. Mtu wa usafi akitumia dakika arobaini kukusanya vitu vyako ujue ni dakika arobaini za kusugua bafu umezichoma mwenyewe, na hela umelipa ileile. Siku hizi usiku wa kuamkia siku ya usafi natembea na tenga nyumba nzima, natupia humo kila kitu, sipangi, natupia tu, tenga linaenda chumbani, basi.

Wa pili huyo sasa. Nilijifanya mjanja nikatafuta wa bei rahisi kupitia mtu anayemfahamu mtu, sikumuuliza amewahi kufanya wapi, sikupiga simu kwa yeyote aliyemfanyia kazi kabla, na kibaya zaidi nikamlipa hela yote asubuhi kabla hajagusa fagio. Kijana mwenyewe hakuwa mbaya, nguvu anazo na heshima anayo, ila alikuwa hajafundishwa kazi na mimi nikamwachia makopo yote ya dawa kama nampikisha. Akamwaga jiki kwenye choo, akaona doa haliondoki, juu yake akamwaga ile dawa kali ya choo yenye asidi. Mimi niko chumba cha pili nasikia mtu anakohoa, mara na mimi koo linawasha macho yanatoka machozi, nikaenda nikamkuta kainama pale pale anaendelea kusugua, mlango wa choo kaufunga ili asinisumbue na harufu! Nikamvuta nje, tukafungua madirisha yote tukatoka na mtoto tukakaa nje mpaka hewa ikatulia.

Nisikilizeni hapa kama hamtasikiliza pengine. Jiki ikikutana na asidi inatoa gesi ya klorini, na hiyo inaunguza mapafu. Asidi yenyewe si lazima iwe ile ya chooni, hata siki inatosha. Jiki ikikutana na kitu chenye amonia, na baadhi ya dawa za kusafishia vioo zinayo, inatoa gesi nyingine nayo ni sumu. Kwa hiyo dawa moja kwa wakati mmoja, suuza kwanza kwa maji mengi, dirisha wazi, glavu mkononi. Na usidhani kila anayejiita mtu wa usafi anajua hili, muulize. Si kumdharau, muulize tu "dawa gani hauchanganyi?" na jibu litakuonyesha umeleta nani.

Siku hiyohiyo, baada ya yote hayo, akarudi ndani kwa nia njema kabisa akasugua jiko langu la kioo kwa stilwaya. Mikwaruzo mpaka leo ipo. Sikumdai, ningemdai nini, hakuna tulichoandikiana na stilwaya niliiweka mimi pale kwenye sinki.

Wa tatu ni mama mmoja mtu mzima, nilipewa namba yake na mwenzangu wa kazini aliyekuwa naye muda mrefu. Kabla hata ya kutaja bei akasema mwanangu naomba nije niione nyumba kwanza. Nikaona ananipotezea muda. Akaja, akazunguka, akafungua bomba la bafuni akagusa ule ukoko mweupe, akauliza sakafu ya sebuleni ni jiwe au vigae, akauliza kuna mtu ana pumu au mzio wa harufu, akauliza chumba gani hataki mtu aingie mwenye nyumba. Alafu ndo akasema mara ya kwanza nitachukua siku nzima, zinazofuata nusu siku. Na ilikuwa hivyo hivyo. Yani kama mtu anakutajia bei kwenye simu bila kuuliza hata vyumba vingapi, hiyo bei itabadilika tu, au kazi itapungua.

Lile swali la jiwe nilikuja kulielewa baadaye. Ule ukoko mweupe kwenye bomba ni chokaa inayobaki maji yakikauka, na siki inautoa vizuri sana, unalowesha kitambaa unakizungushia bombani unaacha nusu saa hivi, ukirudi unafuta. Sasa marumaru ile ya jiwe la kweli na hiyo chokaa ya bombani kimsingi ni kitu kimoja, kwa hiyo siki inayokula ukoko inakula na sakafu pia, inaacha mabaka yasiyong'aa na hayo hayatoki kwa kusugua. Kumbe ndo maana watu wanalalamika "wameniharibia meza". Kama una jiwe au sakafu ya mbao mwambie mtu wako kabla hajaanza. Mbao nazo hazitaki maji mengi, mopu ikamuliwe mpaka iwe na unyevu tu, la sivyo zinavimba kwenye maungio.

Kumwangalia yule mama akifanya kazi kulinifundisha mengi kuliko nilivyotegemea (nilikaa naye siku ya kwanza nikijifanya niko bize na kompyuta). Anaanza juu anashuka chini, utando wa buibui kwanza, feni, makabati, meza, sakafu mwisho, kwa sababu vumbi linadondoka. Anafuta kukavu kabla ya kulowesha, maana vumbi likikutana na maji linakuwa tope. Vitambaa vya chooni vina rangi yao na havigusi jikoni hata iweje. Akipaka dawa chooni anaiacha anaenda kufanya kitu kingine, mi nilikuwa namwaga na kufuta hapohapo, kumbe dawa za kuua vijidudu zinahitaji kukaa, soma kwenye kopo utaona wameandika dakika ngapi. Vioo hafuti jua likiwa linavipiga kwa sababu maji yanakauka kabla hajafuta na yanaacha michirizi.

Na ameniambia ukweli ambao kampuni haikuniambia, kwamba ule ukungu mweusi kati ya vigae vya bafuni atausugua utatoka lakini utarudi kama bafu halipati hewa. Ulirudi. Sasa tunaacha mlango na dirisha wazi baada ya kuoga na angalau umepungua.

Vifaa ni vyangu vyote. Wale wa kampuni walikuja na vyao, ambayo ni raha, ila mopu inayozunguka nyumba za watu kumi mi siipendi, ukiweza weka ndoo na mopu na vitambaa vyako vikae kwako. Faida ya kampuni, nikiwa mkweli, ni kwamba mmoja akiugua wanaleta mwingine, na baadhi wana bima ya vitu vikivunjika, ukiuliza watakuambia kama wanayo. Hasara yake leo anakuja huyu kesho yule, kila mara unaanza upya kuonyesha swichi iko wapi. Mama yangu huyu akiugua basi, wiki hiyo nashika fagio mwenyewe.

Funguo sikumpa mpaka mwezi wa tatu tangu aanze kazi. Mwanzoni nilikuwa nyumbani, siyo kumsimamia mgongoni, maana hakuna kitu kinachokera kama kusimamiwa, ila kuwepo akiwa na swali. Hela na dhahabu nimeziweka panapofungwa, na hilo lisichukuliwe kwamba simwamini, ni ili siku kitu nikikisahau mwenyewe kwenye mkoba nisije nikamtilia shaka mtu bure. Aliwahi kuvunja taa ya mezani. Nilirudi nikakuta vipande amevikusanya kwenye mfuko na ameshanitumia ujumbe saa tano asubuhi, sikuhitaji kuuliza chochote. Tulikuwa tumeshakubaliana tangu mwanzo kwamba kitu kidogo kikivunjika kwa bahati mbaya ni cha kwangu, na kitu ambacho roho yangu haiwezi kukipoteza nakiweka pembeni kabla hajaja. Hivyo vya thamani navifuta vumbi mwenyewe.

Malipo, wengine wanataka kwa saa wengine kwa kazi. Kwa saa inafaa kama nyumba inabadilikabadilika, kwa kazi inafaa kama orodha iko wazi. Mimi nalipa kwa kazi, siku hiyohiyo akimaliza, na akikuta kitu cha ziada ananiambia kabla hajakifanya. Tumeandika kwenye karatasi moja: siku gani, kazi zipi, kiasi gani, mmoja akiahirisha inakuwaje. Kuna watu wananicheka kwa hiyo karatasi, eti namfanyia mama wa watu kama ofisi. Jamani Shirika la Kazi Duniani lina mkataba mzima wa wafanyakazi wa nyumbani, namba 189 wa mwaka 2011, na mojawapo ya yaliyomo ni kwamba mfanyakazi ajulishwe masharti ya kazi yake kwa namna inayoeleweka na ikiwezekana kwa maandishi. Na karatasi hiyo inamlinda zaidi yeye, maana mimi ndo mwenye tabia ya kusema "mama ukimaliza naomba na hiki kidogo", na hiki kidogo kinakuwa saa nzima. Sasa ananyoosha kidole kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye friji, tunacheka wote, naongeza hela au naacha.

Mabaya yake yapo. Sabuni anamwaga nyingi, nimeongea nimechoka, sakafu ikibaki na sabuni inanata na inashika vumbi upya kesho yake. Akiwa na haraka nyuma ya choo anaruka. Na nikiona kitu hakijakaa sawa nimejifunza kusema siku hiyohiyo, taratibu, "mama pale nyuma pamebaki", na anarudi bila kununa, kumbe zamani nilikuwa nakusanya moyoni wiki nne alafu nalipuka kwa kitu kidogo. Alafu ana mkono wa kuhifadhi vitu mahali anapoona yeye panafaa. Kifuniko cha blenda nakitafuta wiki ya tatu sasa, yeye anaapa alikiweka kwenye kabati la juu, na kwenye kabati la juu hakipo.

Nyota nne kati ya tano. Ya tano naishikilia mpaka kifuniko kipatikane.