Plaiwudi ya kuundia boti ndogo: zinazouzwa Dar, ipi inunuliwe?

Ukiomba plaiwudi ya boti kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi Kariakoo au Buguruni, usishangae kuletewa marini bodi: nyeusi au ya kahawia, inang'aa pande zote, unene milimita 18. Hiyo ni bodi ya kumwagia zege, na kwa kazi hiyo ni nzuri sana. Utando wake huzuia zege lising'ang'anie bodi, na kwa sababu hiyohiyo epoksi (gundi ya kuchanganya sehemu mbili) na rangi hazishiki. Bodi moja inapita kilo 30, na haikubali kupindwa kwenye mataruma (mbavu) ya boti ya futi 12. Iacheni kwa mafundi wa slabu.

Plaiwudi ya dari, ya milimita 3 hadi 6, nayo haifai. Kwa kawaida ina tabaka tatu, zile za nje nyembamba mno, na gundi yake ni ya vitu vya ndani ya nyumba. Ikilowa mara kadhaa inafumuka.

Ya kununua ni yenye kiwango cha BS 1088 (kiwango cha Uingereza cha plaiwudi ya boti), milimita 6, tabaka tano. Ya mti wa okoume ni nyepesi, kilo 8 au 9 kwa bodi ya futi 8 kwa 4, na inapinda vizuri, ila huoza haraka isipofunikwa kwa epoksi. Ya meranti ni nzito zaidi. Ikikosekana, plaiwudi ya nje isiyo na utando, yenye gundi isiyoyeyuka kwa maji, inatosha kwa boti ya kuvulia karibu na ufuo.

Muhuri wa BS 1088 peke yake usikuridhishe, kwani yeyote anaweza kuupiga. Angalia kingo zote nne: tundu kati ya tabaka ni pengo linalotuama maji, na uozo huanzia hapo. Omba kipande cha sentimita 10, kichemshe saa moja, kianike hadi kikauke, kichemshe tena, kisha chomeka bisibisi kati ya tabaka. Zikiachana kirahisi, usinunue hata kwa punguzo.

Boti ya futi 12 inakula bodi 4 hadi 5. Kwa kuwa bodi ni futi 8, lazima uunge: chonga ncha za bodi mbili ziwe na mteremko ili zilaliane, urefu wake mara nane ya unene, yaani milimita 48 kwa bodi ya 6. Ukifupisha, kiungo kitavunjika wakati wa kupinda.

Kingo ndizo zinazokunywa maji kuliko uso, hivyo zipake epoksi mara tatu. Kwa joto la Dar, epoksi ikikaa kwenye kopo inachemka na kuganda ghafla. Changanya kidogo kidogo, umimine kwenye sinia pana. Wakati wa masika usipake asubuhi bodi ikiwa na unyevu. Skrubu ziwe za chuma kisichoshika kutu. Misumari ya kawaida huliwa na chumvi na kuacha matundu.