Kipanya kisicho na waya kinachokatika-katika: uzoefu wangu katika saiba hapa Kisumu

Nazungumzia kile kipanya cha kawaida kilichojaa madukani hapa mjini: cheusi, betri moja ya AA, na kipokezi kidogo cha USB kinachofichwa tumboni mwake. Hakifiki shilingi elfu moja, na kwa bei hiyo sina ugomvi nacho. Malalamiko kwamba mshale unaruka, unaganda kisha unarudi wenyewe ni ya kweli. Ila mara nyingi kipanya chenyewe ni kizima, na watu hukitupa bure.

Anza kwa kutenganisha shida mbili. Mshale ukiganda, usisukume kipanya huku na huku. Bonyeza kitufe cha kulia. Menyu ikitokea, mawasiliano yapo, na mgonjwa ni lile jicho la chini: unywele umenasa, au unatumia meza ya kioo. Pangusa, weka karatasi chini yake, umemaliza. Menyu isipotokea, hapo ndipo mawasiliano yamekatika. (Kipanya kilichoachwa muda mrefu hulala ili kuokoa betri, kikiamka kwa kubonyezwa, hiyo si hitilafu.)

Chanzo ninachokikuta kuliko vyote ni mahali kipokezi kilipochomekwa. Kipanya hiki kinatumia masafa ya redio ya 2.4 GHz. Matundu ya USB 3.0, yale ambayo mara nyingi huwa na plastiki ya bluu ndani, hutoa kelele ya redio kwenye masafa hayohayo yanapopitisha data. Intel walilieleza jambo hili kwa kirefu mwaka 2012, na bado lipo. Dalili yake haijifichi: mteja anachomeka flashi au diski ya nje jirani na kipokezi, anaanza kunakili faili kubwa, na mshale unaanza kusuasua. Kunakili kukiisha, unatulia kama hakuna lililotokea. Mtu atalaumu betri, atalaumu Windows, ilhali mkosaji yuko sentimita mbili tu kutoka kwenye kipokezi.

Dawa yake ni rahisi. Hamishia kipokezi kwenye tundu jeusi la USB 2.0, ikiwezekana upande wa pili wa laptopu. Kama matundu yote ni ya bluu, nunua waya wa kurefushia USB wa mita moja, uweke kipokezi mezani, sentimita 20 au 30 hivi kutoka kwenye kipanya. Kwa kompyuta ya mezani waya huo naona ni wa lazima, kwa sababu kipokezi kilichochomekwa nyuma kinajificha kwa sanduku la chuma, tena chini ya meza. Usikiweke kwenye habu (kigawanyi cha matundu) ya USB 3.0 iliyojaa vitu vingine. Utakuwa umerudi palepale.

Wi-Fi nayo hugombania masafa hayo. Ruta ikikaa kando ya kompyuta, isogeze angalau mita moja, na kama inatoa 5 GHz, unganisha kompyuta huko. Katika jengo lenye maduka mengi, kila moja na ruta yake, hatua hii husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Betri: zile za bei ya chini za kaboni na zinki huonekana nzima zikipimwa hivihivi, lakini volti hushuka kipanya kinapovuta umeme wa kutuma mawimbi. Weka ya alkalini. Mita ya umeme ikisoma chini ya volti 1.2 kwenye alkalini, badilisha. Tazama pia springi ya betri. Hewa yetu ya ziwani ina unyevu, na betri iliyovuja huacha unga mweupe au wa kijani. Usufi wa pamba uliochovywa kwenye siki unatoa unga wa alkalini. Malizia kwa spiriti, acha pakauke kabisa.

Kama kipanya kinagoma tu baada ya kompyuta kukaa bila kazi, na kinapona ukichomoa na kuchomeka tena kipokezi, basi Windows inazima tundu ili kuokoa umeme. Bonyeza kulia kwenye alama ya Windows, fungua Device Manager, shuka hadi Universal Serial Bus controllers. Fungua kila USB Root Hub, nenda Power Management, ondoa tiki iliyopo. Kwenye laptopu nyingine ukurasa huo haupo; ingia Control Panel, Power Options, Change plan settings, kisha Change advanced power settings, na USB selective suspend uiweke Disabled.

Ukifanya haya yote na bado, kijaribu kwenye mashine nyingine. Kikikatika huko pia, hakina dawa.

Kwa mwanafunzi au mtu wa ofisini, ningekinunua tena. Kwa mashine za wateja saibani, la: mwishoni mwa Juni, foleni ya ritani za kodi za KRA ikiwa mlangoni, cha waya hakinisumbui. Na kabla hujatoka dukani fungua tumbo uone kipokezi kimo. Vipanya vingi vya bei hii vimefungamanishwa na kipokezi chake tangu kiwandani. Kikipotea, huwezi kuazima cha jirani. Logitech wana vipokezi vyenye alama ya nyota ya rangi ya chungwa vinavyopokea hadi vifaa sita na kuunganishwa upya, lakini hivyo havifanyi kazi na hiki.