PubChem: tuzo waliyopewa 2016 walistahili kabisa (rivyu kutoka Kigoma)

Walimu wenzangu wa kemia na nyie mnaochemsha sabuni za mawese hapa Ujiji na Mwanga, naona wengi bado tunategemea zile pdf za kutumiwa whatsapp ambazo hata hujui nani kaziandika, kumbe kuna PubChem, hifadhidata ya kemikali mtandaoni, na ni bure kabisa, hujisajili hulipii chochote, unaandika jina la kemikali inakuja. Iko chini ya Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani, ilianza 2004, na sasa ina kampaundi zaidi ya milioni 100.

Waliokuwa wanaiongoza, Stephen Bryant na Evan Bolton, mwaka 2016 walipewa Tuzo ya Herman Skolnik. Hii inatolewa na kitengo cha taarifa za kemia cha Jumuiya ya Kemia ya Marekani tangu 1976, na wa kwanza kuipata alikuwa Skolnik mwenyewe, yule mhariri wa kwanza wa jarida la Journal of Chemical Documentation lililoanza 1961. Mi hii tuzo naipenda sana jamani, maana anayegundua kitu kipya dunia nzima inamjua, ila anayekaa miaka na miaka kupanga taarifa mpaka mwalimu wa Kasulu azipate kwenye simu bila kutoa hata shilingi, huyo nani anamkumbuka?

Sasa matumizi yenyewe. Kuna mama jirani anatengeneza sabuni, alikuja na kiroba cha kostiki, lebo imechanika kimebaki kipande chenye namba ya CAS (namba ya kutambulisha kemikali) 1310-73-2 basi. Akaniuliza, "Mwalimu, hii ndo yenyewe au nimepigwa?" Nikaiandika namba vilevile na vidashi vyake kwenye kisanduku cha kutafutia, ikaja sodium hydroxide, NaOH, CID 14798 (namba ya kampaundi humo PubChem), uzito wa moli kama gramu 40, na ile alama ya kimiminika kinadondokea mkono na chuma na vyote vinalika. Nikamwambia mama, namba inatuonyesha lebo inasema ni nini, kilichomo ndani ya kiroba hiyo ni habari nyingine, kwa hiyo ajaribu kidogo kidogo kwanza. Tukashuka mpaka sehemu ya usalama na huduma ya kwanza nikamsomea kwa Kiswahili, macho yakiguswa ni kuosha na maji mengi kwa muda mrefu huku unawahi hospitali. Na hapo nikamkumbusha kostiki ndo inatiwa kwenye maji, sio maji yamwagwe juu ya kostiki, maana inachemka na kuruka.

Darasani ndo utamu wenyewe. Asidi kubwa kwenye mawese ni palmitic acid, karibu asilimia 44 ya asidi zote za mafuta zilizomo, basi fungua CID 985 uone, C16H32O2, inayeyuka kwenye nyuzi 63 hivi, na mchoro wake unauzungusha kwa kidole. Vijana wa kidato cha nne wanahesabu kaboni zote 16 wenyewe mpaka mwisho kwenye COOH, na ni mafuta wanayoyala kila siku nyumbani kwao, sio mfano wa kitabuni.

Kinachonifanya niiamini zaidi, kila taarifa imewekewa chanzo chake. Kiwango cha kuyeyuka unaweza kukuta kimetajwa mara tatu nne na namba zinapishana kidogo, kila moja na aliyeileta, unabonyeza unaenda kusoma mwenyewe. Ila hapo pia uwe makini, data zinaletwa na taasisi mamia kwa mamia na ubora haulingani, angalia chanzo kabla hujanakili ubaoni.

Mapungufu yapo. Yote ni Kiingereza, na ukurasa wa kemikali maarufu ni mrefuuu, kuna mambo ya hataza na majaribio ya dawa ambayo mwanafunzi wa sekondari hayamhusu na anapotea humo, bora mwalimu amwonyeshe sehemu ya kusoma. Na kama bando lako ni la mawazo chukua ukurasa mmoja kwa wakati.

Nyota 4 kati ya 5. Wanaoanza leo waanze na chumvi yetu ya Uvinza, CID 5234, wapitilize moja kwa moja mpaka kwenye sifa za kifizikia, hapo kuna maswali ya wiki nzima.